Nafunga madirisha yote lakini masizi bado yanaingia ndani. Hewa chafu ya mjini inapitia wapi?

MkaziWaGorofani (mleta uzi)

Wakuu salaam,

Nakaa gorofa ya tatu, barabara kubwa iko chini hapo, magari hayalali. Miaka yote kanuni yangu ilikua moja tu, foleni ikianza nafunga madirisha, najiambia moshi wao ubaki huko huko kwao. Sasa juzi nlikua nahamisha kabati nikaona kitu pale mlango wa kuingilia. Kuna zulia linapita chini ya mlango, na kwenye hilo zulia kuna mstari mweusi umejichora sawasawa na upenyo wa mlango, yani kama mtu kachukua rula na mkaa. Nikaenda dirishani. Pale pembeni pazia jeupe linapogusa fremu, mstari mwingine. Nikalowesha kitambaa cheupe nikapitisha mara moja tu kwenye kizingiti cha dirisha ambalo halijafunguliwa wiki nzima, kikatoka cheusi, na sio vumbi la udongo hili tunalolijua, ni masizi yale yanayoteleza kidoleni kama grisi.

Nikaazima kipimio cha hewa kwa jamaa wa kazini, kale kadogo kanakosoma PM2.5 (mikrogramu za chembe ndogo sana kwenye mita moja ya ujazo ya hewa). Saa moja asubuhi nje kibarazani kakasoma 68. Nikakaingiza sebuleni, madirisha yote yamefungwa tangu jana jioni, nikakaacha nusu saa. 49. Nikajua kabovu, nikakazima nikakawasha tena, 49.

Kwaiyo naulizeni, inapita wapi? Na kama ndo hivi kufunga dirisha kuna maana gani?

Kokoto

Nimeweka kiti hapa, wataalam shukeni.

BisibisiNyota

Mkuu mimi kazi yangu ni majengo, hasa haya mambo ya hewa na mabomba, ntakujibu hilo la inapita wapi. Inapita kila mahali. Nyumba sio chupa. Chini ya mlango, kwenye reli za madirisha ya kuslaidi (hizo ndo balaa, weka mkono usiku wa upepo utaskia), tundu la bomba la AC ambalo fundi alitoboa kubwa kuliko bomba alafu akaziba na gazeti, soketi za umeme za ukuta wa nje, pale dari linapokutana na ukuta.

Upepo ukipiga upande mmoja wa jengo unasukuma hewa iingie upande huo na itokee upande wa pili. Hata kusipokua na upepo, hewa ya ndani ikiwa na joto kuliko ya nje inapanda na kutokea juu, chini inavutwa nyingine. Na kuna moja watu hawaiwazi: feni ya kutoa hewa jikoni au bafuni. Ukiiwasha umefunga madirisha yote, hewa inayotoka lazima ijazwe, itajazwa na nini? Itavutwa kwenye kila upenyo wa nyumba pamoja na moshi wa barabarani.

Huo mstari kwenye zulia ndo ushahidi mzuri kuliko hata kipimio chako. Upenyo wa mlango unavuta hewa siku nzima, nyuzi za zulia zinafanya kazi ya filta, masizi yananasa. Na hayo ni yaliyonasa. Yaliyopita uko nayo sebuleni.

MzeeWaZamani

Vijana mnapenda kujitisha. Moshi upo tangu enzi na enzi na watu wanazeeka. Ndani ni ndani, nje ni nje. Hizo mashine za kuazima zinasoma chochote.

Chembechembe

Mzee wangu shikamoo, kwa heshima zote hapo kwenye "ndani ni ndani" ntakupinga.

London, Desemba 1952. Moshi wa makaa ya mawe ulikaa juu ya jiji kuanzia tarehe 5 mpaka tarehe 9, hakuna upepo, hewa ya baridi chini imefunikwa na ya joto juu kama mfuniko wa sufuria. Tarehe 8 pale ukumbi wa Sadler's Wells kulikua na onesho la opera, wakalikatiza baada ya sehemu ya kwanza. Kisa? Moshi ulishaingia ukumbini, watu wanakohoa. Ukumbi mzima na milango yake, na walinzi wake mlangoni. Waliokufa mwanzoni walikadiriwa 4,000 hivi, hesabu za baadae zikafika kama 12,000. Uingereza ikatunga sheria ya hewa safi 1956.

Sasa turudi kwa mleta uzi, maana hiyo 49 kwa 68 mimi hainishangazi hata kidogo.

PM2.5 maana yake ni chembe zenye kipenyo cha maikromita 2.5 kushuka chini. Unywele wa mtu ni kama 50 mpaka 70, kwaiyo hizi hata ukikodoa macho huzioni. Alafu zenyewe zinatofautiana tabia na hapa ndo pananogaga. Chembe kubwa kubwa, vumbi la barabara, zinaanguka zenyewe kwa uzito, zikiingia kwenye upenyo zinagonga kingo na kukwama. Zile ndogo kupita kiasi, chini ya maikromita 0.1, zinacheza cheza hovyo kama mlevi, nazo zinagonga kuta zinanata. Shida iko katikati, kuanzia 0.1 mpaka kama 1. Hizi ni nyepesi mno kuanguka na nzito mno kuyumba yumba. Zinafuata hewa popote inapoenda. Hewa ikipita kwenye ufa na zenyewe zimo, zikishaingia zinaelea masaa. Na moshi wa kuungua, wa magari, wa takataka, wa misitu, uzito wake mwingi umekaa hapo hapo katikati.

Kuna hesabu watu wa fani wanaitumia, haina ugumu. Sehemu ya uchafu wa nje inayobaki ndani = P × a ÷ (a + k). P ni kiasi kinachofanikiwa kupenya nyufa, a ni hewa ya nyumba inabadilishwa mara ngapi kwa saa, k ni kasi ya chembe kutua kwenye sakafu na kuta. Tuchukue namba za mfano tu, nyumba yako siijui: P 0.85, a mara 1 kwa saa, k 0.2. Unapata 0.85 ÷ 1.2 = 0.71. Zidisha na 68 yako.

48 na kidogo. Wewe umesoma 49.

Kokoto

Duh

MkaziWaGorofani

Chembechembe mkuu umenimaliza. Kwaiyo kufunga dirisha kumenisaidia kupunguza robo tu??

Chembechembe

Kwa nyumba yenye nyufa, ndio, robo mpaka theluthi hivi. Ukifungua kabisa a inapanda hata mara kumi kwa saa, ndani na nje panakua sawa ndani ya dakika chache. Ukifunga unapunguza kidogo, ila zaidi ya yote UNACHELEWESHA. Hewa ya ndani ni hewa ya nje iliyochelewa kufika. Liweke hilo akilini tutalirudia.

dada_Tumaini

Mi naishi mjini nawasha AC nafunga kila kitu, nalala kama mtoto, hewa ya baridi safi kabisa. Nyie mnateseka bure.

BisibisiNyota

Dada yangu pole, ila AC ya ukutani (ile yenye kitu nje na kitu ndani) haileti hewa mpya hata tone na haisafishi hewa. Inachukua hewa ile ile ya chumbani, inaipoza, inakurudishia. Ile filta ukifungua mfuniko ni wavu wa plastiki, kazi yake kuzuia nyuzi na manyoya yasizibe mashine. Chembe anazosema Chembechembe zinapita pale kama mbu kwenye geti la gari. Baridi sio usafi.

Faida ipo moja, kwa sababu umepoa unaweza kuvumilia kufunga. Ukitaka kuona hali yake fungua hiyo filta leo, nakuhakikishia umeisahau miezi.

dada_Tumaini

Nimeifungua. Sitaki kuongelea.

Mamake_Wawili

Samahanini jamani mi nina mtoto wa miaka mitano ana pumu. Daktari alisema tuepuke moshi, nikawa namfungia ndani, sasa nikisoma hapa nachanganyikiwa. Nikifungua moshi, nikifunga moshi. Na akifungiwa chumba kinakua kizito asubuhi kama hewa imeisha. Nifanyeje? Pia nimenunua maua ya ndani ya vyungu nane, niliambiwa yanasafisha hewa.

Chembechembe

Mama Wawili usichanganyikiwe, swali lako ndo la maana kuliko yote humu. Naanza na maua sababu ni jepesi: yabaki kwa uzuri wake. Ile habari ilianzia kwenye utafiti wa NASA wa 1989, waliweka mimea kwenye kisanduku kilichofungwa kabisa na walikua wanapima gesi, sio chembe. Mwaka 2019 watu wakapitia tafiti zote za namna hiyo wakapiga hesabu, ili mimea ishindane na hewa inayoingia na kutoka kwenye jengo la kawaida ungehitaji kati ya vyungu 10 na 1,000 kwa kila mita moja ya mraba. Utalala wapi?

Chumba kuwa kizito ni kweli, na hilo nalo sio la kupuuza. Ni hewa ya kupumua nyie wenyewe, kabonidayoksaidi inapanda. Nje iko kama sehemu 420 kwa milioni, chumba kilichofungwa wamelala watu watatu asubuhi kinavuka 1,000 na zaidi bila jasho. Kwaiyo huwezi kufunga milele. Mchezo wote ni lini ufungue.

Ndo pale nilisema kuchelewa. Miji mingi uchafu unapanda asubuhi foleni ikianza, na usiku hewa ikipoa na kutulia chini. Mchana jua likichoma ardhi hewa inapanda juu, inachanganyika, uchafu unatawanyika kwenda juu zaidi. Namba za nje zinashuka. SASA: wewe umefunga tangu asubuhi, ndani kwako bado una hewa ya saa moja asubuhi, imenaswa. Mchana nje pasafi kuliko ndani na wewe umefunga! Watu wengi ndo wanakosea hapo, wanafunga asubuhi na kusahau mpaka jioni, jioni wanafungua wapate upepo, muda ule ule foleni inarudi. Kinyume kabisa.

Ila isiwe msahafu. Ukiwa na jirani anayechoma taka saa nane mchana ratiba yako imekufa. Na kuna siku nje hapana muda msafi hata mmoja, mfano Juni 2023 moshi wa misitu ya Kanada ulipoifunika New York anga likawa la chungwa, siku kama hizo hakuna cha kuvizia, unafunga na kuchuja.

MzeeWaZamani

Marahaba kijana, nimesoma ya ukumbi wa opera. Hilo sikulijua. Sasa hicho "kuchuja" ndo nini, maana kila mtu anatuuzia mashine.

BisibisiNyota

Mzee, mashine nzuri ndani haina maajabu, ni feni na filta basi. Feni inasukuma hewa ipite kwenye filta nene iliyokunjwa kunjwa. Zile za HEPA (daraja la juu la filta) zinanasa asilimia 99.97 ya chembe za maikromita 0.3, na 0.3 wameichagua kwa sababu ndo saizi ngumu kunasa, kubwa na ndogo zaidi zote zinanaswa kirahisi zaidi. Watu wengi wanaielewa kinyume, wanadhani chini ya 0.3 zinapita. Hazipiti.

Ila 99.97 hiyo isikulevye. Mashine ndogo kwenye sebule kubwa ni sawa na kuchota bahari kwa kikombe. Cha kuangalia kwenye boksi ni inasafisha mita ngapi za ujazo kwa saa, wanaandika CADR. Chukua chumba cha mita 4 kwa 3, kimo 2.5, hiyo ni mita za ujazo 30. Unataka hewa yote ipite kwenye filta kama mara 5 kwa saa, 30 mara 5 = 150. Chini ya hapo unanunua taa ya urembo.

Rudi kwenye hesabu ya Chembechembe, kule chini ongeza hiyo 5. 0.85 ÷ (1 + 0.2 + 5) = karibu 0.14. Ile 68 ya nje ndani inakua 9 au 10. Angalia tofauti, kufunga tu 48, kufunga na kuchuja 10.

Asiyeweza mashine, 2020 Richard Corsi na Jim Rosenthal walileta ubunifu wa feni ya boksi na filta nne au tano za daraja la MERV 13 unazigundisha kwa utepe wa gundi pembe zote. MERV 13 haifiki HEPA, kwa zile ndogo za 0.3 mpaka 1 inatakiwa inase angalau nusu kwa kila mpito, ila hewa inapita nyingi kwaiyo mwisho wa siku inafanya kazi. Mi nimetengeneza moja, mbaya kwa sura, kelele kama helikopta.

Na tafadhali, mashine inayojisifu inatoa OZONI, acha dukani. Ozoni yenyewe inachoma mapafu, alafu ikikutana na manukato ya sabuni za machungwa na ndimu inatengeneza chembe mpya. Unalipa kuchafuliwa.

Kokoto

Jamani na ndani kwenyewe je, sio nje tu. Mi nikikaanga kitu jikoni mpaka chumbani macho yanawasha

Chembechembe

Kweli kabisa, jikoni kwa dakika ishirini kunaweza kupita barabara kwa mbali. Mishumaa, vijiti vya manukato, sigara ndo usiseme. Kufagia kwa fagio kavu pia kunarusha upya kilichotua, ingawa hizo ni chembe kubwa zaidi. Pangusa kwa kitambaa chenye maji. Tofauti ni kwamba ya jikoni ina mwisho, unafungua dirisha inatoka, nje kukiwa kusafi. Ya mjini haina swichi.

Tabasamu99

WHO wanasema kiasi gani ni salama? Maana 68, 49, 10 nasoma tu sijui nicheke au nilie

Chembechembe

2021 walishusha: wastani wa mwaka usizidi mikrogramu 5 kwa mita ya ujazo, wa siku moja usizidi 15. Kabla ya hapo, tangu 2005, ilikua 10 na 25. Karibu dunia nzima, wanasema asilimia 99 ya watu, inapumua hewa iliyozidi viwango vyao. Uchafuzi wa nje peke yake walikadiria vifo vya mapema milioni 4.2 kwa mwaka 2019. Wengi sio mapafu kama unavyodhani, ni moyo na kiharusi.

Na kumbuka hao wanaohesabiwa wanakufa na hewa "ya nje" muda mwingi wa maisha yao walikua NDANI. Wameipumulia wapi sasa hiyo ya nje?

MkaziWaGorofani

Wakuu narudi na mrejesho, siku tisa zimepita.

Kwanza nimeziba. Chini ya mlango nimeweka mpira ule wa kugusa sakafu, reli za madirisha nimepachika sponji ya kunata, tundu la bomba la AC (BisibisiNyota ni mchawi, kweli kulikua na gazeti, la miaka sita nyuma) nimejaza silikoni. Peke yake haikuniridhisha, nje 70 ndani 41. Na chumba kikawa kizito haraka zaidi.

Pili nimepata mashine ya saizi ya chumba cha kulala, sebule nimeiacha kwanza. Usiku mlango umefungwa inashuka mpaka 8, 9. Nikiufungua kwenda chooni nikirudi iko 20, baada ya robo saa imeshuka tena. Nimekua mtu wa kuangalia namba kama anayefuatilia mechi, mke wangu kashanikataza kuiweka karibu na kitanda.

Tatu kitu ambacho hakuna aliyenionya: asubuhi moja ya ukungu kipimio kikaruka 140 nje, nikawaamsha watu wote. Jamaa mwenye kipimio kanicheka.

Chembechembe

Hahaha pole mkuu. Hivyo vipimio vidogo vinapiga mwanga wa leza alafu vinahesabu unavyotawanyika. Unyevu ukizidi chembe zinafyonza maji zinavimba, kipimio kinaziona kubwa. Siku za ukungu usiziamini namba zake kwa ukamilifu, angalia tu zinapanda au zinashuka. Ila ndani na nje ukitumia kifaa kile kile kulinganisha uko sawa, ukipima mara kadhaa.

Mamake_Wawili

Nami mrejesho. Mashine bado najipanga, ila nimebadili ratiba, nafunga alfajiri, nafungua saa saba mpaka saa tisa pande zote mbili hewa ikatize, nafunga tena. Jikoni mlango unafungwa wakati wa kupika na mtoto anakua chumba cha mwisho, kile kisichotazama barabara. Dawa yake ya pumu sijagusa, daktari kasema iendelee vile vile. Kukohoa usiku kumepungua ila sijui kama ni hewa au ni msimu, sitaki kudanganya.

BisibisiNyota

Chumba kisichotazama barabara ni akili kubwa mama. Masizi na zile ndogo kabisa zinashuka sana ukisogea mita mia na kitu toka barabarani, hata upande wa pili wa jengo hilo hilo unapata nafuu. Ila usitegemee PM2.5 yote ishuke hivyo, ile imeenea mji mzima.

Mkazi, hiyo filta ya mashine ukiona imekua rangi ya zulia lako usiioshe, hazioshwi. Unabadilisha.

MkaziWaGorofani

Ntakumbuka. Sasahivi saa nane kasoro, nje 17 ndani sebuleni 26. Naenda kufungua.